Sura ya Tano: Mtani Aliyekalia Mfuniko

Abdulrazaq alilia kwanza, ndipo akakumbuka kusalimia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kaa. Futa uso kwanza, maneno hayakimbii.”

Kumbe yalikuwa yanakimbia, na Mwajabu Mbonde alilijua hilo vizuri kuliko yeyote aliyekuwa katika chumba kile cha nyuma cha kliniki, pale Kibiti, chenye meza moja, viti vitatu na kalenda ya mwaka juzi. Alikuwa mpelelezi wa polisi kwa miaka thelathini na mmoja. Alisaka wezi wa ng'ombe, wakata mikoko, na mume mmoja aliyejifanya amekufa ili amkimbie mke wa pili. Alipostaafu, watu walidhani atarudi kwao milimani, Umatumbini, akafuge kuku. Kuku walikufa kwa mdondo mwezi wa pili tu, na Mwajabu akagundua kwamba mtu aliyezoea kutafuta watu hana subira ya kutafuta mayai. Kliniki ikamchukua. Kazi yake sasa ilikuwa kuwatafuta walioacha dawa za virusi, pamoja na wale waliolala nao. Kazi ni ileile, alikuwa akisema, ila huku ukimpata mtu humfungi.

Muuguzi Abdulhalim alisimama mlangoni na jalada mkononi. “Ni juzi Jumapili, saa nane mchana,” alisema kwa sauti ya chini. “Bila kinga. Huyu ameacha dawa mwezi wa tano huu. Mwenzake hajui kitu.”

Mwajabu akahesabu kwa vidole. Iko dawa anayopewa mtu aliyekutana na virusi, ili visije vikamshika. Dawa hiyo ina saa sabini na mbili. Zikipita, haina kazi. Leo ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi.

“Kesho saa nane,” alisema. “Baada ya hapo tutakuwa tunamtafuta mtu wa kumpa pole. Haya, mwanangu. Jina lake nani?”

“Sijui, mama.”

“Umelala na mtu hujui jina lake?”

Alijuta papo hapo. Lile lilikuwa swali la kaunta ya polisi, na kijana alilipokea hivyo hivyo, akainamisha kichwa. Abdulrazaq alikuwa fundi simu, miaka thelathini na nne, ndevu amezichonga vizuri, shati amelipiga pasi hata siku kama ile.

“Nisamehe,” Mwajabu akasema. “Mdomo wangu una mazoea mabaya. Nieleze mnavyofanya.”

“Kule mtandaoni hatutajani. Ukitaja jina umejimaliza. Yeye anajiita Tembo wa Mloka. Tumezungumza miezi mitatu kabla hatujaonana.”

“Na habari za afya?”

“Kuna mahali pa kujaza. Unavyo, huna, hujui. Yeye alijaza kwamba hana. Mie niliacha wazi.” Akafuta uso kwa mkono wa shati. “Nilijiambia siku tukionana nitamwambia ana kwa ana. Tukaonana kule nyumba ya wageni nyuma ya stendi. Kaniletea muwa, mama. Kaumenya kabisa, kaukata vipande, kaufunga kwenye mfuko safi. Nikasema ngoja tumalize kula, nitamwambia. Halafu sikumwambia.”

“Dawa uliachia nini?”

“Nilinawiri. Mama yangu akaanza kunitafutia mke. Nikajiona nimepona.”

Abdulhalim alikuwa tayari kusema methali ya mficha maradhi, Mwajabu akamkata kwa jicho. Ile methali kila mgonjwa anaijua, na hakuna hata mmoja iliyewahi kumponya.

“Jana Jumatatu roho ikanisuta,” Abdulrazaq aliendelea. “Nikamwandikia: nina jambo zito la kukwambia, nipigie. Hazikupita dakika tano, kafuta kila kitu. Ukurasa, picha, yeye mwenyewe. Kama hajapata kuwepo.”

“Umebaki na nini?”

Kijana akasita. Kisha akatoa simu. Kulikuwa na picha moja ya mkono ulioshika kikombe cha chai, na ujumbe mmoja wa sauti ya mwenzake, ambao Abdulrazaq alikuwa amejitumia mwenyewe kabla mambo hayajaharibika.

“Kwa nini uliuhifadhi?”

“Nilitaka niwe nausikiliza.” Alisema hivyo bila kumtazama. “Umtafute, mama. Hata akinichukia sawa. Mie nimerudia dawa, nimemeza hapo nje sasa hivi, muulize muuguzi. Ila yeye asije akawa kama mimi.”

Mwajabu alimhurumia, na hakujificha. Aliuchukua mkono wake na kuushika mpaka kikwifukwifu kikatulia. Kisha akasimama, maana huruma haina miguu.

*

Asubuhi ile aliipoteza. Alikwenda stendi kuulizia magari na pikipiki za Mloka, nani alishuka Jumapili, nani alipanda. Akahoji makondakta wawili na muuza maji. Ilipogonga saa saba, akampigia Salama, askari mwenzake wa zamani ambaye sasa alikuwa na kibanda cha chakula kule Mloka.

“Natafuta mtu wa kwenu anayejiita Tembo.”

Salama alicheka mpaka akakohoa. “Dada Mwajabu, umezeeka. Tembo ndiye aliyekula mahindi yangu juzi, na ya jirani, na paa la choo akaondoka nalo. Huku hakuna atakayejipa jina hilo. Huyo ni mtu ambaye hajawahi kuamshwa naye.”

Kweli bwana. Mtu anayejificha hutaja kwa wengine akadai ndiko kwao. Saa nne zilikuwa zimekwenda bure.

Akarudi mezani pake, akaitazama ile picha. Mkono wa mwanaume kijana, kucha safi, na kwenye kidole cha kati pete ya sugu, ngumu, imezunguka kidole kizima. Mwajabu alimwonyesha Abdulhalim.

“Mshona viatu?” Abdulhalim akakisia.

“Mshona viatu huumia kiganjani. Wewe ulikulia mjini, hujui kombeo. Kamba moja unaivika kwenye kidole, ya pili unaiachia, donge la udongo linaruka. Ukifanya hivyo toka alfajiri mpaka magharibi mwezi mzima, kidole kinaota pete. Sasa hivi mpunga unaiva bondeni. Mtu wetu anaamia ndege, anawafukuza wasile mpunga.”

“Bondeni kuna watu maelfu.”

“Ndiyo maana Mungu akaumba masikio.”

Akaufungua ule ujumbe wa sauti. Ulitumwa Jumapili jioni. Kwanza kikasikika kikohozi kidogo, kikavu, cha haya wala si cha ugonjwa. Kisha sauti nyororo ikasema: “Nimefika salama. Wiki hii sitoki tena, Jumatano tuna arobaini hapa nyumbani, mie ndiye wa kuteka maji na kuangalia nyama.” Kikohozi tena. “Nimefurahi. Basi.” Nyuma yake debe lilikuwa likipigwa, na mashine ya kukoboa mpunga ikijaribu kuwaka.

Mwajabu aliusikiliza mara kumi. Mara ya kumi na moja akanyanyuka na kwenda kwa Bi Ashura.

Bi Ashura ndiye aliyetunza masufuria makubwa ya kikundi cha akina mama. Mtu akiwa na harusi, hitima au arobaini, kutoka Kibiti mpaka vijiji vya mbali, kwa Bi Ashura atafika, maana hakuna nyumba yenye sufuria la kulisha watu mia. Polisi wana madaftari yao, lakini habari za nani kafa lini na nani anapikiwa siku gani zimo kichwani mwa Bi Ashura.

“Za kesho ni tatu,” Bi Ashura alisema huku akisugua masizi. “Moja hapa mjini, kwa yule mshona kanzu. Moja Ikwiriri, kwa bibi mmoja aliyeacha mabinti sita, mwanaume hata wa dawa hakuna. Na moja Mtunda, kwa Mzee Abdala. Mwanawe Salumu alianguka na pikipiki, masikini, kaacha mke mbichi kabisa.”

Mjini hakuna ndege wa mpunga. Ikwiriri hakuna mwanaume wa kuteka maji. Ikabaki Mtunda.

“Kwa Mzee Abdala kuna mashine ya kukoboa jirani?”

“Ukuta kwa ukuta. Kwani kuna nini?”

“Nataka kwenda kula wali wao.”

Bi Ashura alimtazama, akaelewa kwamba hataambiwa zaidi, akaendelea kusugua.

Kazi ngumu ilikuwa mbele. Mtu aliyefuta ukurasa wake kwa dakika tano ni mtu anayeogopa kukamatwa, na Mwajabu Mbonde alikuwa anajulikana tarafa nzima kwa kukamata watu. Akifika kama afande, kijana ataishia kwenye mikoko. Akifika kama mtu wa kliniki, kijiji kizima kitajua kabla ya adhuhuri, na kumuumbua mtu mbele ya kwao ni kumuua mara ya pili. Alihitaji kuingia kwenye ile nyumba, amchague mwanaume mmoja mbele ya macho ya wote, aondoke naye, na asiwepo hata mmoja wa kuuliza kwa nini.

Kwa bahati, Mwajabu alikuwa Mmatumbi, na wenye msiba walikuwa Wandengereko.

*

Jumatano saa nne kasorobo aliingia uani kwa Mzee Abdala akilia. Si kilio cha kweli. Ni kile cha watani, chenye maneno mengi kuliko machozi.

“Salumu wee, umekufa na bao hujajua kucheza. Nani sasa nitamfunga mimi.”

Wanawake waliokuwa wakichambua mchele wakageuka. “Nani tena huyo?” aliuliza mpishi mkuu, mama mnene aliyeitwa Maimuna, akijifanya hamjui.

“Mtani wenu kutoka milimani. Nimesikia Wandengereko wanapika, nikasema nije, wasije wakaunguza kama kawaida yao.”

“Wamatumbi mnajua nini cha kupika, nyie si mnachemsha mawe.”

“Mawe yetu yana chumvi kuliko wali wenu.”

Uwanja ukacheka. Ndani, alikokaa eda mjane wa Salumu, Warda, kikasikika kicheko chembamba kilichokatika katikati, na Maimuna akafuta macho kwa pembe ya kanga. Ilikuwa mara ya kwanza kwa binti yule kucheka kwa siku arobaini. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, na Mwajabu aliona haya kidogo kwamba hakuja kwa ajili hiyo.

Akapita upande wa wanaume waliokuwa wanajiandaa kwa hitima, akapeana nao mikono mmoja mmoja huku macho yake yakiwa kwenye vidole. Mzee Abdala, mfiwa mwenyewe: pete ya sugu kidole cha kati. Saidy, mwanawe mkubwa: pete ya sugu. Majirani wanne, wote. Hata shehe aliyeshika msahafu alikuwa nayo. Mtunda nzima ilikuwa inaamia ndege. Mwajabu nusura ajicheke mwenyewe. Ushahidi uliompa usingizi jana haukuwa na thamani ya punje.

Ikabaki sauti. Lakini huwezi kuwaambia wanaume wa watu waseme mmoja mmoja uwasikilize.

Huwezi, isipokuwa kama wewe ni mtani.

Akarudi jikoni. Wali ulikuwa umekaribia kukauka maji, Maimuna amekwisha tenga makaa ya kupalia juu ya mfuniko. Mwajabu akauchukua ule mfuniko, mpana kama ungo, akaenda nao katikati ya uwanja, akauweka chini na kuukalia.

“Mateka huyu,” alitangaza. “Wali wenu leo mtaula mbichi, mpaka wanaume wa nyumba hii waje kuniomba. Mmoja mmoja. Kwa kinywa chake, si kwa kutumwa.”

Kelele, vicheko, Maimuna ameshika kiuno. Lakini desturi ni desturi: kilichokaliwa na mtani hakinyang'anywi, huombwa. Mzee Abdala akatangulia, akaomba kwa sauti nzito yenye mikwaruzo. Hapana. Wakafuata wajomba wawili. Hapana. Akaja Saidy, mtoto wake akiwa amening'inia kwenye kanzu yake.

“Mtani wangu, turudishie mfuniko, wageni wametoka mbali.”

Sauti ilikuwa ileile, nyororo ileile. Mwajabu akafungua kinywa amchukue, halafu akajizuia. Maneno ya Saidy yalitoka moja kwa moja, kama maji ya bomba. Hakukohoa. Hakuona haya popote.

“Omba tena,” akasema.

Saidy akaomba tena, kwa madaha, watu wakashangilia. Hakuna kikohozi.

“Sauti hii nimeipenda. Hakuna nyingine kama hii humu ndani?”

“Yupo mdogo wangu, Twalibu,” Saidy alisema. “Watu hutuchanganya kwenye simu. Yuko dunguni anaamia ndege, karudi huko baada ya kuteka maji.”

“Aitwe.”

“Mtani, wali utaharibika,” Maimuna akasema, na safari hii hakuwa anatania.

“Basi aitwe mbio.”

Saa yake ya mkononi ilionyesha saa tano kasorobo. Mwajabu akaendelea kukaa, akaendelea kuwatukana watu wa bondeni kwa kupenda samaki wabichi, akajibiwa, akacheka. Ukiona mtani ana haraka, ujue huyo si mtani.

Twalibu alifika saa tano na robo. Mrefu, mwembamba, miaka ishirini na sita hivi, matope mpaka magotini, kombeo limening'inia shingoni. Akasimama mbele ya Mwajabu, akatazama chini. Kikohozi kidogo, kikavu.

“Mtani,” alisema. Kikohozi. “Turudishie. Basi.”

Mwajabu akanyanyuka kabla hajamaliza. “Chukueni mfuniko wenu. Huyu ndiye mateka wangu sasa, nakwenda naye mpaka barabarani, na akipendeza naweza nisimrudishe.”

“Mchukue, mtani,” Mzee Abdala akasema, na uwanja mzima ukasubiri utani wake. “Umwoze huko huko. Sie tukimwambia aoe, anakataa kila mwaka.”

Wakacheka wote. Twalibu naye alicheka, kwa pua, huku macho yake yakitafuta pa kwenda. Mwajabu akamshika mkono, akamtoa.

*

Walipoupita mgomba wa mwisho, Twalibu akasimama.

“Wewe ni Afande Mwajabu,” alisema. “Ulimkamata mjomba wangu kwa magogo.”

“Nilimkamata. Alikuwa na makosa.”

“Kwa hiyo mmenipata.” Hakukimbia, ni kama alikuwa amechoka kabla ya kuanza. Akatoa simu mfukoni, akamnyooshea. “Chukua. Mwaka jana mwingine wa Dar alianza hivi hivi. Nina jambo zito la kukwambia. Nikaenda, wakanikuta watatu. Wakachukua simu, baiskeli, wakanipiga picha. Nilijua huyu wa Kibiti naye ni chambo. Ila nyumbani msiwaambie leo. Ngojeni arobaini ipite.”

Hapo ndipo Mwajabu alipoelewa zile dakika tano. Mwenzake alikuwa amemwandikia maneno ya kweli, na maneno ya kweli yalikuwa na sura ileile ya vitisho.

“Rudisha simu yako mfukoni, baba,” alisema. “Mie nimestaafu. Pingu nilirudisha stoo, nikasaini. Nafanya kazi kliniki. Kuna mtu, simtaji na sitamtaja, ana wasiwasi na afya yako. Huenda umekutana na virusi. Kuna dawa ya kuvizuia, na ina saa zake.”

Twalibu akakohoa.

“Zimebaki ngapi?”

“Mbili na nusu.”

“Na kule nyumbani wanajua nini?”

“Wanajua una mtani mkorofi.”

Kijana akakaa chini, palepale njiani, akauficha uso kwenye magoti yenye matope. Mwajabu akakaa pembeni yake. Miaka thelathini na mmoja hakuwahi kukaa chini na mtu aliyemtafuta; siku zote yeye alikuwa amesimama. Hakumharakisha, ingawa kila dakika aliisikia.

“Alikuwa analia?” Twalibu akauliza baadaye. “Huyo mtu.”

“Twende, mwanangu.”

Wakapanda pikipiki moja, watatu kwa dereva, mpaka zahanati ya kijiji cha pili, karibu na barabara kuu, ambako hakuna aliyemjua Twalibu. Abdulhalim alikuwa amewatangulia toka asubuhi. Juu ya meza aliweka kopo la dawa ya kinga, chupa ya maji na sanduku la vipimo. Saa sita na dakika kumi. Walikuwa wamewahi, tena kwa nafasi, na Mwajabu alishusha pumzi aliyokuwa ameibeba toka jana.

“Kabla ya dawa napima kwanza,” Abdulhalim alieleza. “Ndiyo utaratibu. Hii dawa ni ya mtu ambaye bado hana.”

“Sina,” Twalibu alisema. “Nilipima mwaka juzi.”

Akachomwa kidole, kilekile chenye pete ya sugu, maana vingine alivikunja kwa woga. Tone likadondoshwa. Wakangoja. Nje, mama mmoja alikuwa akimbembeleza mtoto aliyechanjwa.

Abdulhalim akakitazama kipimo, akakiweka chini, akafungua kingine cha aina ya pili. Akamchoma tena, wakangoja tena. Kisha akanyoosha mkono, akalichukua lile kopo la dawa ya kinga na kulirudisha ndani ya mkoba.

“Mbona unalirudisha?” Twalibu akauliza. “Si tumewahi?”

Mwajabu alikuwa amekwisha elewa. Alitamani kusimama, atoke nje, akamsaidie yule mama mwenye mtoto. Akabaki.

“Mistari ni miwili, ndugu yangu,” Abdulhalim alisema taratibu. “Kwenye vyote. Unavyo tayari. Dawa yako wewe ni ile nyingine, ya kila siku, na tunaweza kuanza leo hii. Utaishi, utazeeka, utaamia ndege mpaka uchoke. Lakini kinga imepita wakati wake.”

Twalibu akakitazama kipimo kama mtu anayesoma barua ya kigeni. Akakohoa mara mbili kabla sauti haijatoka.

“Siku tatu zinatosha kuleta mistari miwili?”

“Hapana. Huchukua wiki, pengine miezi. Hivi ni vya zamani.”

“Kwa hiyo sio…” Akaishia hapo. Akamgeukia Mwajabu, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti. “Mama, huyo usiyemtaja. Tangu lini analia?”

“Tangu jana asubuhi.”

“Mwambie sio yeye. Mwambie nimekuruhusu. Mwambie alale.”

Mwajabu alikuwa amekamata wauaji bila kutikisika, na pale zahanati alilia, akamvuta kijana kifuani, matope na yote. Abdulhalim akageukia dirisha, akachukua muda mrefu kulifunga.

Walipotulia, Abdulhalim akamwandikia jina, akampa vidonge vya kwanza, akamweleza saa ya kumeza. Twalibu alimeza mbele yao. Kisha hakunyanyuka. Akawa anakikunja na kukikunjua kile kidole kilichochomwa.

“Kama sio yeye,” alisema, “basi na mie nina mtu anayetakiwa kutafutwa. Kabla ya Ramadhani. Mara moja tu. Nilimwambia sina, na yeye akaniamini.”

Mwajabu akafungua ukurasa mpya wa daftari. “Jina lake?”

“Sijui jina. Kafuta ukurasa siku nyingi. Hana picha, hana sauti, sina kitu chake hata kimoja.” Akakohoa. “Alikuwa mwoga kuliko mimi. Ukimpata mwendee polepole, mama, kama ulivyonijia mimi.”

“Nipe chochote, baba. Hata kidogo.”

Twalibu akafikiri. “Kabla ya jambo lolote,” alisema, “aliniuliza kama nimekula.”

Mwajabu akaandika hivyo hivyo.